Sindika

Kliniki ya sukari, Tudor, saa mbili asubuhi.
Benchi limejaa. Nambari yangu thelathini na saba.
Ukutani bango: EPUKA VYAKULA VILIVYOSINDIKWA.
Nikalisoma mara tatu, nikacheka peke yangu,
hata jirani yangu benchini akauliza, "Kwani kuna nini?"

Kuna babu yangu, nikamwambia.
Babu Shebwana alisindika miaka thelathini,
uani, Mji wa Kale,
ngamia kafungwa kitambaa machoni,
akizunguka kinu, akizunguka,
na ufuta ukitoa mafuta shingo upande.
Tuliyatia katika mboga, tukayapaka nywele,
tukamkanda nayo mzazi mgongo.
Mimi vya kusindikwa nijuavyo ni hivyo.
Leo neno la babu limebandikwa ukutani
kama picha ya mtu anayesakwa na polisi.

Binti wa lishe jina lake Nadhifa, na jina limempata.
Akaniambia, "Bi Mwanasiti, anza kula safi."
Safi!
Mchele naosha maji matatu,
mbaazi nachambua kwa miwani,
kisu cha nyama hakijuani na cha matunda.
Safi ipi tena, mwanangu?
Akacheka. "Si hiyo, bibi."
Akaita thelathini na nane.

Nyumbani nikafungua kabati.
Mkazamwanangu Zamzam yuko Changamwe, bohari la majani ya chai,
hurudi saa mbili usiku, miguu imemvimba,
na nazi haijikuni.
Nikashusha kopo lake la tui,
tui lisilojua mbuzi wala kifumbu,
nikaligeuza mgongo nisome.

Kwangu mtu akipiga hodi, nauliza nani,
naye hujibu: mimi, fulani wa fulani.
Hili lilinijibu: E mia nne thelathini na tano.
Nani?
E mia nne sitini na sita.
Wafungwa gani hawa, wana nambari hawana majina?
Halafu nikaikumbuka karatasi yangu ya benchini
nikanyamaza.

Na ng'onda je?
Papa wa Kongowea, kalazwa katika chumvi, kaanikwa
mpaka harufu yake ikajua njia ya kuja kwangu bila mimi?
Na achari yangu ya ndimu, iliyokaa juu ya paa
hata ikasahau kama iliwahi kuwa mtini?
Hakuna kiliwacho Mombasa ambacho hakikuteswa kidogo.
Tofauti ni kwamba aliyekitesa namjua,
na nikimuuliza alitia nini, ataniambia,
au atadanganya na nitamwona usoni.

Nilidhani hapo nimeshinda.
Nikajilaza.
Usingizi ukakataa, nikaanza kuhesabu kwa haki.

Sukari hii haikuja na kopo.
Kopo lina miaka miwili humu ndani, ugonjwa una tisa.
Ilikuja na mahamri yangu, ya kila alfajiri,
iliki nimeitwanga mwenyewe, tui nimekamua mwenyewe,
unga mweupe kama sanda,
na chai ya maziwa, vijiko vinne, vimejaa,
kijiko cha tano kwa ajili ya mgeni hata kama hakuja.
Miaka arobaini.
Kwa mikono iliyotawadha.
Mikono safi, Nadhifa. Safi kabisa.

Zamzam akaingia, hakuvua hata buibui.
Akakata mchicha, akafungua kopo, dakika kumi.
"Mama, samahani, leo ni la dukani tena."
Nikamwambia keti kwanza, uinue miguu.
Nikala.
Ulikuwa mtamu, sitasema uongo juu ya mchicha wa mtu aliyechoka.

Kwenye sahani limebaki hamri moja, la asubuhi.
Nimelifunika kawa.
Sijasema nitalila.
Sijasema sitalila.