Nilitaka Kupunjwa

Mvue shati, alisema Sechelela,
usimhesabu akilia, usimhesabu akinyonya.
Ngoja atulie. Kisha tazama tumbo:
likipanda na kushuka, hiyo moja.

Kuhesabu najua.
Nimehesabu visado vya karanga mnadani Kibaigwa
tangu nina meno ya utoto,
na hakuna dalali aliyenipunja hata kiganja.
Lakini karanga hazikimbii.

Usiku ule wa Julai
upepo ulipita chini ya mlango na vumbi lake,
ukaketi nasi.
Nyemo, miezi kumi na moja, jino moja na nusu,
alikuwa wa moto kama jiwe la mafiga.
Kikohozi, siku ya tatu.

Mavyaa akasema: kimeo.
Akasema tena, wima, kama anayetia komeo:
kimeo kimeshuka, kinamkereketa,
kesho apelekwe kwa Chibago akakatwe.
Ana mkono mwepesi yule.

Naujua mkono wake.
Nilikuwa na miaka minne.
Nakumbuka kijiko kikikandamiza ulimi,
kisu chenye shingo iliyopinda,
mama akitazama ukutani.
Na kikohozi? Kilirudi wiki ile ile
kama mbuzi aliyefukuzwa shambani.

Sikumjibu. Nilinyamaza kwa adabu
huku nafungua vifungo.

Ndahani alishika simu yake ya kitochi,
macho yake kwenye saa, mwanga kwa mtoto.
Anza, akasema.
Moja. Mbili. Tatu.
Kumi na saba, kumi na nane,
upepo ukapiga bati, hesabu ikanitoka.
Anza tena.

Maisha yangu yote hesabu ikipanda nafurahi:
thelathini ni chumvi na sabuni,
arobaini ni daftari za Matika,
hamsini, naweza hata kununua kanga.
Usiku ule nilitaka ishuke.
Nilitaka, kwa mara ya kwanza, nipunjwe.

Hamsini, na dakika haijaisha.
Hamsini na tisa.
Tukarudia: sitini na moja.

Kwa ambaye hajatimiza mwaka, alisema Sechelela,
hamsini ndiyo mpaka.
Ukifika hapo usitafute mafuta ya kuchua,
hayo si mafua tena, ni nimonia.
Na ukiona mbavu zinabonyea ndani akivuta pumzi,
ukiona amekataa ziwa, anatapika kila kitu,
ameshikwa na degedege, amelala haamshiki,
usingoje hata jogoo.

Nikampa ziwa. Alilishika kwa hasira.
Sijawahi kushukuru hasira ya mtu kama ile.
Mbavu zilikuwa mahali pake.

Jogoo aliwika tukiwa tumeshayapita mabua ya uwele,
Ndahani akisukuma baiskeli dhidi ya upepo,
mimi nyuma, mtoto ndani ya kanga mbili,
sikio langu juu ya kifua chake.

Nesi Mnyawami alitoka akifunga kilemba.
Akahesabu upya, kwa saa yake. Sikuchukia.
Sitini, akasema, akanitazama:
nani amekufundisha?

Kidonge kimoja kwenye kijiko cha maji safi,
kikachemka kidogo, kikayeyuka.
Kimoja asubuhi, kimoja jioni, siku tano.
Tano, mama Matika. Akicheka siku ya pili,
usimwekee kakaye zilizobaki.
Mlete keshokutwa nimwone. Akizidiwa, mlete hata usiku.

Siku ya pili alicheka.
Siku ya nne nilirudi kutoka kisimani,
ndoo ingali kichwani,
nikamkuta Mavyaa amekaa kwenye kigoda,
Nyemo mapajani, shati limefunuliwa,
midomo ya bibi inacheza bila sauti.

Nikasimama. Maji yakanidondokea shingoni.

Kimeo bado nakiona kirefu, akasema,
bila kuinua uso.
Halafu, kwa sauti ndogo, kama anayekopa:
hiyo dakika yenu,
ina urefu gani?