Fundi Bati Akataa Kuziba Tundu

Hapana, Kwandu, sizibi.
Ifunge elfu tano yako kwenye pindo la khanga,
tufungue kwanza dirisha, tuongee.

Naijua baridi ya Igogo usiku wa mvua za Machi.
Mawe yakilowa hayakauki hadi saa nne,
na ukuta wako mmoja ni jabali lenyewe:
mwenye nyumba aliokoa matofali,
akakuachia wewe jasho la jiwe.
Najua mtoto ana siku kumi na nne
na mama mkwe kasema chumba kiwe kama tumbo.
Lakini hata tumbo, dada, lilikuwa na kitovu.

Mlango umeuziba kwa gunia,
dirisha kwa nailoni,
sasa wanionyesha haya matundu mawili ya juu
kama vile mwashi alisahau.
Hakusahau. Ndiyo pua ya nyumba.

Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto.
Hawakutuachia neno juu ya moto usiofuka,
mkaa ulioiva, mwekundu, msafi kama tunda,
unaouingiza ndani ukijisifu: umeshakolea huu.
Moshi una adabu.
Moshi hubisha hodi, hukohoza, hukutoa machozi,
husema niko hapa, nifungulieni nitoke.
Ndugu yake hana harufu, hana rangi, hana hodi.
Anakuja na usingizi mkononi.
Kichwa kizito, unasema ni uchovu wa uzazi.
Magoti yanalegea, unasema ni njaa.
Unajilaza kidogo.

Kidogo tu.

Mwaka wa mvua kubwa, kule Kitangiri,
niliziba. Matundu manne.
Nikapiga plasta, nikalainisha kwa sponji,
kazi safi mpaka Bwire akaniongeza mia tano.
Asubuhi ya tatu redio inaimba ndani
na mlango haufunguliwi.
Nikaitwa mimi na nyundo yangu,
kwa kuwa nakaa karibu, kwa kuwa nina vifaa.
Bwire na Nyanjura walikuwa wamelala wakitazamana,
midomo ina wekundu wa afya,
kama watu waliotoka kucheka.
Jiko katikati, jivu tupu.
Hakuna aliyenilaumu.
Hilo ndilo ninalolibeba.

Kwa hiyo sikiliza.
Jiko tutalijenga pale pembeni kwa matofali,
mlango mdogo, kifuniko cha chuma kisichopumua.
Nitakunja bomba la inchi nne, bati zito,
lipande, lisilale,
kiwiko kimoja, si vitatu, moshi si nyoka.
Mbao za kenchi zikae mbali nalo shubiri nzima.
Litoboe paa, lipite futi tatu,
na juu yake kofia,
maana upepo wa hapa kigeugeu:
mchana watoka ziwani kupanda mawe,
usiku washuka kurudi majini,
na ukikuta bomba kichwa wazi
utakurudishia kila ulichotoa.
Korongo wenye upara watatua hapo kuota joto.
Wafukuze.
Na masizi uyakung'ute kila mwezi, usingoje nikukumbushe.

Kisha chini, karibu na sakafu, natoa tofali moja.
Ndiyo, na chini pia. Utasikia baridi ya kifundo.
Moto hauli mkaa peke yake, Kwandu, moto unakula hewa,
na usipoutengea ya kwake
utakula ya mtoto.

Leo jiko lilale nje.
Mtoto mweke kifuani, ngozi kwa ngozi, blanketi juu yenu.
Simama kwenye kigoda, nyoosha mkono kwenye tundu.
Unasikia? Inatoka.
Ni pumzi zenu wawili, zinashukia ziwani.

Bomba ni elfu arobaini. Utalipa kidogo kidogo.
Ile sarafu ya Bwire sijaitumia hadi leo.
Nimeiandika kuwa malipo yako ya kwanza.