Eleza, Usikisie

Simu inakatika kila upepo ukishuka kutoka mlimani.
Dokta Moldobaeva yuko Naryn, saa sita kwa gari,
nami nimeushika mkono wa Satarkul mfugaji
chini ya taa ya betri.
"Usinitajie ugonjwa," anasema. "Nitajie unachokiona."

Nasema: kipele.
"Hilo neno la sokoni. Fumba macho, pitisha kidole.
Lingekuwa baka, kidole kisingejua kimepita wapi;
baka ni rangi tu, ngozi haijainuka."
Nafumba. Kidole ndani ya glavu kinajikwaa.
"Ukubwa?"
Kama kifungo cha koti.
"Koti la nani?"
La mtoto.

"Pembezoni?"
Malengelenge, madogo, yamekaa duara
kama wageni waliokizunguka kitambaa cha mkate.
"Yana maji au usaha?"
Nasogeza tochi. Maji, meupe kama machozi.
"Usiyatumbue."

Baka, kipele, uvimbe, lengelenge, jipu,
gamba, kigaga, ufa, kidonda, kovu:
niliyakariri Bishkek usiku wa kuamkia mtihani,
miguu ndani ya beseni la maji ya moto.
Nilidhani ni majina.
Kumbe ni maswali.

"Katikati je?"
Pamebonyea. Pana kigaga cheusi,
si weusi wa damu iliyokauka, weusi wa makaa,
kimeing'ang'ania ngozi.
"Kinauma?"

Satarkul anakigonga kwa ukucha, anacheka.
Kingeuma, asema, ningekuja tangu Jumapili.

Kimya.
Nikadhani simu imekatika tena.
"Muulize," sauti inarudi, polepole,
"juma lililopita alichinja nini?"

Ng'ombe. Alianguka mwenyewe malishoni;
wakamwahi na kisu kabla hajakata roho,
hasara isiwe yote.
"Walioshika nyama ni wangapi?"
Anahesabu vidole vya mkono mmoja, vya wa pili,
kisha anatazama vyangu.

Kimeta. Jina linalong'aa
kwa kitu cheusi hivi. Hakulitamka yeye, wala mimi;
alinitajia dawa na kipimo, nikarudia, akasema sawa.

Nje mtu anatandika farasi aende nyumba hadi nyumba.
Naandika daftarini:
kidonda kimoja, mkono wa kulia, sentimita mbili,
kigaga cheusi, ukingo umevimba,
malengelenge ya maji, usaha hakuna,
hakiumi.

Neno la mwisho nimelipigia mstari
mara mbili.