Mto Mapajani, Mto Dirishani

Jumamosi Tilen kaja na kompyuta yake kuukuu,
kaiweka mezani, pale ulipokaa mto wangu wa kusukia lesi,
akasema, "Bibi, vidole vimegoma, lakini macho bado yanataka kazi."
Kweli. Baridi yabisi imevikunja kama tangawizi.
Miaka arobaini na minane nimerusha vijiti kulia, kushoto,
kulia, kushoto,
hapa Idrija, juu ya mgodi uliofungwa,
zebaki ikikesha chini ya sakafu zetu.

Sasa nachagua programu ya kuchorea fraktali.
Nachagua kama nilivyochagua uzi:
kwa kuuvuta hadi karibu na kukatika.

Ya kwanza inauzwa. Siku thelathini za bure,
halafu bei ya kuni za mwezi mzima.
Nabonyeza kitufe: tausi.
Nabonyeza tena: tausi mwingine,
mkia wa dhahabu juu ya mkia wa dhahabu.
Cvetka wa ghorofa ya chini anayo hiyohiyo;
tulipolinganisha, tausi wake na wangu walikuwa pacha.
Chema chajiuza. Hii inajitembeza,
na kila asubuhi inanihesabia siku zilizobaki
kama mwenye nyumba.

Ya pili ni ya bure, na ni kali kama mwalimu wa hesabu.
Haitoi picha mpaka niiandikie fomula:
z mara z, jumlisha c, rudia.
Rudia mara ngapi? Haisemi.
Nikaandika mia: ukingo ukatoka butu kama mkasi wa jikoni.
Nikaandika elfu tano: feni ikalia, mashine ikapandwa na homa,
nami nikaenda kumenya viazi.
Viazi viliiva. Vililiwa.
Picha ilikuwa imefika nusu ya skrini,
mstari kwa mstari, bila haraka,
na ule ukingo, sikatai, ulikuwa mwembamba
kuliko chochote nilichowahi kukisuka.

Ya tatu Tilen aliicheka.
Madirisha ya kijivu, herufi za chungu,
rangi mia mbili hamsini na sita, basi.
Aliyeiunda aliiacha zamani, akaenda zake.
Lakini nilipoiambia "hifadhi"
haikuhifadhi picha.
Ilihifadhi namba: mistari sita.
Nikazichapa kwenye karatasi, nikaishika karatasi dirishani
nikanyamaza.

Maana mama naye hakuniachia lesi.
Lesi ziliuzwa zote, Trieste, kwa wake za watu.
Aliniachia karatasi ya vitobo,
na kitobo kimoja kimekaa pasipo pake,
cha tatu kutoka pembeni.
Nimelisuka kosa lile maisha yangu yote.
Wanunuzi waliliita mtindo.

Basi jana kidole kikavu kikagusa saba badala ya moja,
mahali pa tisa baada ya nukta.
Ufuo mzima ukapasuka matawi,
tawi likazaa tawi, hilo nalo likazaa,
na katika kila njia panda, kokwa jeusi
lenye ufuo wake lenyewe.
Sikulifuta. Nililipigia mstari kwa kalamu ya risasi.

"Umechagua hii?" Tilen kauliza. "Hii, kweli?"
Nimemwambia anikuzie herufi.
Ya pili nimeiacha humohumo; mwalimu mkali hafukuzwi.
Tausi tumemrudisha kwao.

Saa saba usiku. Mjukuu kalala kwenye kochi, soksi zimetoboka.
Nje, Idrijca inagawanyika penye jiwe lilelile,
inaungana, inagawanyika.
Mto mapajani hauna kazi; nimeuegemeza mkono.
Kidole kimoja kisichouma sana, cha kati, cha kushoto,
kinabonyeza,
na ukingo unanifungukia:
karibu, karibu zaidi,
karibu.