Ganda Lililogoma

Tangu Jumanne, katika kila maganda matano
moja linagoma.
Linaingia kwenye kalibu likilia kama mlango wa ghala,
linatoka linang'aa, lina adabu,
kisha nikilitia kwenye geji
linasimama shingoni:
halizami, wala halioni haya.

Nikaanza na vumbi, maana hapa Kizota
mshukiwa wa kwanza siku zote ni vumbi.
Upepo wa Agosti haubishi hodi,
unakunywa chai yako kabla yako.
Nikafungua kalibu, nikachokonoa kwa njiti ya kiberiti:
punje tatu za mchanga mwekundu.
Nikashangilia.
Mapema mno. La tano likagoma.

Basi mafuta. Kidogo, kwa ncha ya kidole,
kama apakwavyo mtoto utosini.
Wenzo ukawa mwepesi, mkono ukapumua.
Geji ikakataa.

Basi nati. Nikaishusha kalibu robo mzunguko
hadi ikabusu kishikio, nikakaza,
nikahesabu moja, mbili, tatu, nne,
na la tano na jeuri yake palepale.

Baba yangu alinyoosha rimu za baiskeli Majengo
miaka ishirini na saba, wala hakuanza na spana.
Alizungusha gurudumu, akaweka ukucha,
akafumba macho.
"Chuma kina mdomo, Sechelela.
Wewe ndiye huna sikio."
Niliuchukia msemo ule.
Aliutumia hata mlenda ulipozidi chumvi.

Jana usiku umeme ulikatika.
Nikaliviringisha ganda mezani kwa mwanga wa simu
na kidole kikaona kabla ya jicho:
tumbo.
Upande mmoja tu, juu kidogo ya kitako,
chini kabisa, ambako kalibu haifiki.
Nikachukua lingine. Tumbo.
Lingine. Palepale.
Mimba za baba mmoja.

Maana shaba haisahau chumba ilimolipukiwa.
Huvimba ikajaza nafasi iliyopewa,
na kama ukuta una bonde,
nayo hutoka na kilima.

Jumamosi hapa klabuni hulenga watu watano.
Wanne nawajua kwa maganda yao, hayana neno.
Wa tano ni Mzee Chilongani,
na bastola aliyoachiwa na kaka yake,
kibali kimeviringishwa kwenye nailoni,
kikilala kabatini pamoja na hati ya shamba la zabibu.

Utamwambiaje mtu
kwamba urithi wake umelika kwa ndani?

"Mbukwenyi," akasema, akavua kofia.
Nikampangia maganda sita mezani. Sikusema kitu.
Akayajaribu kwenye geji, moja moja,
kama anayejaribu funguo za nyumba aliyokwisha kuiuza.
"Mashine yako imechoka," akasema.

Nikachukua ganda la Yaledi, nikaliviringisha:
likaenda moja kwa moja hadi ukingoni,
likaanguka kwenye saruji,
tukalisikiliza mpaka likanyamaza.
Kisha lake.
Likayumba, likakata kona,
kama mtu atokaye kunywa asiyetaka ajulikane.

Akakaa.
Treni ya mizigo ikapita yote, behewa kwa behewa,
ndipo akafungua kinywa.
"Kaka naye risasi zake zilikuwa zikienda kushoto.
Miaka yote ile
tukimcheka mkono."

Bastola ameiacha kwangu, imefungwa kwenye taulo,
ikapelekwe kwa fundi mwenye leseni
au isipelekwe, hajaamua.
Maganda yale nimeyabana kwa koleo
yasije yakarudi mashineni kwa bahati mbaya,
nimeyatia kwenye kopo la maziwa.

Leo matano kati ya matano yamezama.
Sikushangilia.
Mzee alipita jioni, hakuketi,
akaomba moja kutoka kopo lile.
Nikampa lenye tumbo kubwa.
Akalitia mfuko wa shati,
ule wa kushoto.