Kilo Kumi na Moja

Alhamisi, vipindi viwili vya mwisho,
Tukuyu imevaa ukungu hadi kiunoni.
Mwalimu Kyando akasema: sogezeni madawati.
Akachora kwa chaki barabara sakafuni,
yenye kona nyingi kuliko ulazima,
akamwaga katikati magazeti yaliyochanwachanwa.
"Haya ni majani mabichi ya chai.
Dakika tatu ni siku moja.
Jani likilala halijafika kiwandani, limeoza,
na hela imeoza nalo."

Kiwanda kilikuwa meza yake.
Lori lilikuwa boksi la sabuni lenye kamba ya katani.
Mizani, rula iliyoning'inizwa kwa uzi;
kilo moja, kipande kizima cha chaki.
Na mimi, kwa kuwa nina sauti,
nikapewa kifuniko cha soda: muhuri wa mwenyekiti wa ushirika.
Bila muhuri, mzigo hauondoki.

Nikapanda juu ya kiti.
Nsajigwa, chuma! Ambakisye, vuta!
Wewe... wewe hapo, pima!
(Mwaka wa pili darasa moja, jina lake silijui.)
Kila mzigo ulinisubiri niugonge,
nami nilikuwa nakemea upande wa pili.
Foleni ikafika mlangoni.
Lori likapita kona ya tatu likimwaga njiani;
nikasema ni uzembe wa dereva.
Siku ya kwanza, kilo nne. Ya pili, kilo mbili.
Siku ya tatu Ambakisye alikaa chini,
akafungua kamba za kiatu, akafunga,
akafungua tena.

"Mmefilisika," alisema Mwalimu, bila kucheka.
"Nani alijua sababu?"
Mvua ikaanza kwenye bati.
Ndipo mpimaji, Tusubilege, akanyoosha mkono nusu,
kama anayeomba ruhusa ya kwenda nje:
boksi limetoboka chini. Niliona tangu siku ya kwanza.
"Mbona hukusema?"
Akanitazama mimi, si Mwalimu.
"Hakuuliza."

Mchezo wa pili muhuri ukaenda kwake.
Akaugeuzageuza, akauacha pale kwenye mizani:
atakayepima agonge mwenyewe.
Akavua sweta, baridi ile, akaziba tundu.
Kisha akawa anazunguka tu, anauliza kila mtu:
kwako kumekwama wapi?

Nilikuwa mchumaji. Mgongo huuma kweli,
hata kwa chai ya gazeti.
Nikamwambia: kona ya tatu, anayevuta hamwoni anayesukuma.
Akasema: basi kasimame pale, uwe macho yao.
Kazi ile haikuwa na cheo wala kifuniko.
Nilisimama kwenye mstari wa chaki
nikasema "polepole" mara nyingi kuliko nilivyowahi maishani.

Kilo kumi na moja.
Mkondo B walifika kumi na tisa, na wakatuzomea dirishani.
Lakini hakuna aliyegusa kiatu.
Mwalimu akaanza kuandika ubaoni: Kidole kimoja...
kengele ikagonga kabla ya chawa.

Jioni mama karudi kutoka shamba la chai,
katua tenga, kakaa juu ya kinu.
Miaka yote humuuliza tunakula nini.
Nikavuta kigoda.
Mama, kwenu kule, kumekwama wapi?
Akanigusa paji la uso, kama nina homa.
Kisha akaanza kujibu,
akajibu mpaka maharage yakaungua.