Daftari la Dakika

Uwanja namba tisa, Delaware, saa mbili asubuhi,
na jua tayari limeshika bakora.
Nyuma ya uzio, mahindi ya watu.
Mbele yangu wasichana ishirini na wanne
na fimbo zao za lakrosi,
na wangu hayumo.

Wangu yuko benchi.
Amefunga kamba za viatu mara tatu.
Fulana yake, thelathini na moja,
haijapata hata doa la nyasi.

Nina daftari, la kuandikia vipimo vya mapaa,
maana mimi ni fundi paa kutoka Dundalk.
Kurasa za mbele ni futi na vigae,
za nyuma ni Halina:
Jumamosi, mechi ya kwanza, dakika sita.
Ya pili, nne na nusu.
Ya tatu, sifuri, na mvua.

Usiku hotelini, macho makavu,
niligawanya ada ya klabu kwa dakika hizo.
Usiniulize jibu.
Kwa bei ile ningempaulia jirani nyumba nzima
na chenji ikabaki.

Kando ya mstari wameketi makocha wa vyuo
kwenye viti vya kukunja, kofia zimeshushwa,
kila mmoja na karatasi yake ya majina.
Hawapigi makofi. Mmoja akiinua kalamu
wazazi wote tunabana pumzi
kama watu waliosikia hodi usiku wa manane.
Mama yake Sloane amewapelekea maji baridi.
Nilimcheka. Kisha nikajilaumu
kwa kutolifikiria mimi kwanza.

Kocha Tolliver amenieleza mara mbili,
kwa upole wa mtu anayefunga mlango taratibu:
"Nafasi haigawiwi, inatwaliwa."
Sawa. Lakini aitwae vipi, bwana,
naye amekaa?

Zimebaki dakika tano. Anaitwa.
Nikabonyeza saa.
Papo hapo yule wa kofia ya kijani akasimama,
akakunja kiti, akaelekea uwanja namba nne,
nami nikamsindikiza kwa macho
hadi kwenye gari la aiskrimu,
nikimwomba kimoyomoyo: geuka,
geuka, mwana wa watu.

Kipenga.
Nikaandika: tano.

Jioni, daraja la Chesapeake mbele yetu,
amelivuta daftari kutoka chini ya kiti.
Anasoma, anafunua, anasoma.
Magotini ana udongo ambao bado haujakauka.
"Baba, hii ya leo.
Umeandika tano.
Nilifanya nini ndani yake?"

Foleni imesimama. Taa za breki, nyekundu,
mpaka upande wa pili wa maji.
Nimejua bei ya kila sekunde
na sikuiona hata moja.

"Niambie," nikasema.
Akavua soksi, akaitundika dirishani,
akaweka miguu juu ya dashibodi
nilikokataza miaka yote.
"Basi mpira ukadondoka, na wao walikuwa watatu..."

Nikapapasa mfukoni. Kalamu
niliiacha kule kwenye nyasi.
Magari yameanza kusogea
na yeye bado yuko sekunde ya kumi.